Kilomita Zile Zile

Kila anayeingia nyumbani kwangu huuliza kwa nini pikipiki iko sebuleni. Nawajibu kwamba ni ya mke wangu, na wao watafute pa kukaa. Iko kati ya kochi na cherehani yangu, imesimama kwa stendi, tandiko limefunikwa shuka niliyoishona kwa vitambaa vya mabaki, na uso wake umeelekea mlangoni. Mteja akija kupimwa suruali inabidi asimame kwenye kona na kubana tumbo. Wengi wamenishauri niitoe nje, niijengee kibanda. Ushauri hauna uhaba, na wote unatoka kwa watu ambao wake zao wako nyumbani.

Mke wangu ni fundi wa pikipiki. Mafundi wengine wa mtaa wetu husikiliza injini kwa sikio, wakagonga hapa, wakakaza pale, na wakishindwa humlaumu mwenye pikipiki. Yeye alipoona zimeanza kuja pikipiki zenye kompyuta ndani yake, alitafuta kompyuta mpakato iliyotumika, akapata waya wa kuchomeka chini ya tandiko, akakaa chini akajifunza. Karakana hakuwa nayo. Kazi aliifanyia hapa hapa sebuleni, kompyuta ikiwa upande mmoja wa meza yangu ya kukatia nguo. Pikipiki inaingizwa, waya unachomekwa, na kwenye kioo yanapanda majina ya kila kinachoiuma: kipima joto, kipima hewa, betri. Akimaliza kurekebisha anabonyeza pa kufuta, taa ya njano inazimika, na mwenye chombo anaondoka akicheka. Watu wakamwita Daktari.

Mimi waliniita Mzigo. Sababu ni kwamba tukitoka na mke wangu, yeye huendesha na mimi hukaa nyuma, mikono nimemzungushia kiunoni, macho nimefumba kwenye kila kona. Siogopi kusema kwamba naogopa. Chombo changu mimi ni cherehani, ambayo inakwenda mbio bila kutoka mahali pake, na hizo ndizo mbio pekee ninazoziamini.

Hatukuwa watu wa maneno matamu. Kuna majirani zetu wanaoitana mpenzi kutwa nzima na kurushiana vyombo jioni; sisi tulikuwa na kazi. Yeye upande ule wa meza, mimi upande huu. Ataniambia, "Nishikie hapa." Nitamuuliza, "Pindo hili limenyooka?" Atakuja, atainama begani kwangu akinuka oili, ataangalia pindo kama kweli analijua, na atasema limenyooka hata kama limepinda. Nilidhani hayo ni mazungumzo ya kazi tu. Alipoondoka ndipo nilipotambua kuwa yalikuwa mapenzi yote niliyokuwa nayo duniani.

Aliondoka kwa sababu alipata kazi nchi ya mbali, kwenye kampuni iliyotaka mtu wa kuwafundisha mafundi wake kutibu pikipiki kwa kompyuta. Mkataba wa miaka miwili. Jioni moja aliniuliza, "Niende?" Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Wewe ndiye unayeijua kazi yako," nikamjibu.

"Na wewe je?"

"Mimi si mtoto wa kunyonya."

Akaendelea kufuta ile mikono. Nilijiona mwanaume kamili. Leo nikikumbuka natamani ningejishona mdomo kwa uzi wa turubai.

Aliniachia kompyuta yake, waya wake na pikipiki yake. "Uwe unaiwasha mara moja moja isilale," alisema. Kuiwasha naweza. Nafungua mlango moshi utoke, nageuza ufunguo, nabonyeza, inanguruma, nasimama pembeni nimeshika ukuta. Ndiyo safari yangu.

Simu tulikuwa tunapigiana, lakini simu zenyewe zilikuwa za kuokoteza. Hujambo, sijambo. Umekula? Nimekula. Mvua? Imenyesha. Baada ya hapo kila mmoja anamsikiliza mwenzake akipumua, mpaka mmoja aseme basi, nisikucheleweshe. Unanichelewesha na nini, wakati sina ninakokwenda? Lakini hilo sikumwambia. Nilikata simu, nikarudi kwenye cherehani, nikashona vibaya, nikafumua.

Halafu taa ya njano ikawaka.

Safari hiyo haikuwa hila ya mtu. Betri ilikuwa imechoka kwa kukaa. Nikampigia kumwambia, naye sauti yake ikabadilika palepale, ikawa ile ya nyumbani. Akaniambia nifungue kompyuta, nichomeke waya, halafu atanielekeza jinsi ya kumfungulia aingie kutoka huko aliko. Sikumwelewa. Aingie vipi? Nikafuata maelekezo, nikibonyeza kwa kidole kimoja. Kikatokea kisanduku kinachouliza kama namruhusu mtu huyu aingie. Swali gani hilo la kumuuliza mume! Nikabonyeza ndiyo.

Mshale ukasogea.

Mkono wangu nilikuwa nimeuweka magotini. Sikuwa nimegusa chochote. Mshale ukaondoka kwenye kona, ukapita katikati ya kioo, ukasimama kidogo kama anavyosimama yeye akiwa anafikiri, ukazunguka duara dogo, ukabonyeza. Nilimjua. Daima huzungusha duara dogo kabla ya kubonyeza, hata penseli huizungusha hivyo kabla ya kuandika. Mke wangu alikuwa sebuleni. Sikumwona, lakini mkono wake ulikuwa pale, juu ya meza yangu, unafanya kazi. Alipouliza kama naona, nilikuwa bado naufuata kwa macho.

"Mzigo, upo?"

"Nipo."

"Vuta mafuta kidogo. Taratibu. Hapo hapo. Haya, achia."

Tulikaa hivyo mchana mzima. Alinieleza habari za betri, kutoka betri akaenda kwa wanafunzi wake, mmoja anashika bisibisi kama kijiko, kutoka kwa wanafunzi akaenda kwenye chumba chake, dirisha linatazama ukuta. Alicheka. Nilicheka. Mwisho akaniambia nikaichajishe betri, akafuta, taa ikazimika. Na mshale ukasimama, ukarudi kuwa alama tu kwenye kioo. Niliugusa kwa kidole. Kioo kilikuwa cha moto kidogo kwa sababu ya kazi.

Wiki iliyofuata pikipiki ilikuwa nzima, na sisi tukarudia mvua na chakula.

Sasa mtu aniambie angefanya nini. Mimi nilifunua shuka, nikainama na tochi chini ya tandiko na ubavuni mwa injini, nikatafuta soketi iliyo karibu. Nilikuwa nimemshikia tochi miaka mingi, najua nini kiko wapi hata kama sijui kinafanya nini. Nikachomoa soketi ya kipima joto, nikageuza ufunguo, nikasubiri taa ya njano iwake, nikairudisha. Taa haikuzimika, kosa likishaandikwa linabaki mpaka lifutwe. Nikampigia.

"Imewaka tena," nikasema.

"Ilikuwa inafanya nini?"

"Nilikwenda nayo sokoni."

"Sokoni," akasema.

"Sokoni. Kununua vifungo."

"Haya. Fungua kompyuta."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Yeye mapumziko yake ni Jumamosi, na kila Jumamosi pikipiki ikaumwa. Wiki hii kipima joto, wiki ijayo kipima hewa, kisha soketi ya stendi, kisha nazunguka naanza upya. Nilimpa safari za kila aina. Nilikwenda kumpelekea mteja suti, nikaenda kumwangalia mgonjwa, nikaenda msibani, nikarudi na mvua. Niliua hata mjomba mmoja ambaye yuko hai na anakula vizuri. Mke wangu alisikiliza yote, mshale ukizunguka vile viduara vyake, na hakuwahi kuniuliza swali la pili. Nikajisifu kwamba nimekuwa mwongo hodari. Na baada ya kufuta hakuondoka upesi. Mshale ulikaa pale, ukitembea bila shughuli, naye akizungumza. Nilikuwa nashona taratibu ili cherehani isimfunike sauti.

Mambo yangeendelea hivyo kama si shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye ni dereva wa pikipiki za abiria, jina lake la mtaani ni Breki, kwa sababu hajui kuzitumia. Alhamisi moja mchana aliingia, akaipigapiga pikipiki ya dada yake tangini kama anavyopigwa ng'ombe, akakaa juu ya nguo za watu.

"Mzigo, hujambo?"

"Shuka kwenye suruali ya mteja, shemeji. Sijambo."

"Dada kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

Akaniangalia vizuri. Breki ni mtu wa mzaha, na nilipoona ameacha mzaha nikasimamisha mguu kwenye pedali.

"Kampuni wanataka kumwongezea mkataba," akasema. "Miaka miwili mingine. Wanataka jibu Jumatatu hii."

"Kajibu nini?"

"Hajajibu."

"Anasubiri nini?"

"Mzigo, nawe! Anakusubiri wewe. Kaniambia mimi, kamwambia mama, wewe hajakwambia. Anasema alikuuliza mara moja ukamwambia wewe si mtoto wa kunyonya. Hataki kuuliza tena."

Nikashika futi yangu ya kupimia, nikaikunja, nikaikunjua. Nilitaka kusema jambo la maana. Nikasema, "Mke wangu si cherehani, nimwambie simama asimame."

"Nani kasema umsimamishe? Mwambie unaumwa."

"Siumwi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema Breki, na akaondoka na bisibisi yangu.

Siku zote hizo mbili nilizunguka na neno moja mdomoni. Rudi. Ni neno fupi, mtoto wa miaka miwili analisema. Nililisema nikipiga pasi, nililisema kwenye kioo cha kabati. Nilikula kiapo kwamba Jumamosi nitampigia bila taa yoyote, bila soketi, bila msiba, na nitalisema.

Jumamosi ikafika, moyo ukaingia maji. Nikajiambia, acha kwanza tuzungumze kidogo, mshale uingie, atulie, ndipo niseme. Nikafunua shuka. Kwa haraka, badala ya kubana ule ulimi wa soketi kama alivyonifundisha, nikavuta kwa nguvu. Ikatoka na sauti. Kuirudisha, ikawa haikai sawa. Nikaisukuma hivyo hivyo, nikampigia.

"Imewaka," nikasema.

"Ulikwenda wapi leo?" Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Kwa mama yako. Kumjulia hali."

Mshale ukaingia. Ukapita, ukazunguka duara, ukabonyeza pa kufuta. Jina la kipima joto likatoka kwenye kioo. Likarudi. Ukabonyeza tena. Likatoka, likarudi. Mara ya tatu mshale ukasimama juu ya lile jina, haukubonyeza.

"Hii ni ya kweli," mke wangu akasema.

"Zote ni za kweli."

Mshale ukashuka chini ya kioo, sehemu ambayo sijawahi kuiangalia, kwenye mstari wa maandishi madogo. Ukafika kwenye tarakimu fulani, ukazizunguka. Duara moja, duara jingine.

"Unazisoma hizo?"

"Naziona."

"Ni kilomita. Zote ambazo pikipiki imetembea tangu izaliwe." Mshale ukazizunguka tena. "Nilipoondoka zilikuwa hizo hizo. Ulipokwenda sokoni zilikuwa hizo hizo. Ulipozika, zile zile. Pikipiki haijavuka mlango wa sebule, mume wangu. Wanasema njia ya mwongo fupi, lakini yako haina hata kilomita moja."

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu vile vifungo vya kwanza. Jumamosi zote zile aliniacha niseme, nizike, nilowe na mvua, naye anaangalia tarakimu chini ya kioo.

"Nani anachomoa soketi?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Laiti angeuliza kwa hasira, ningejua pa kushika.

Neno lilikuwa pale mdomoni. Nililipika siku mbili nzima, limeiva, linanuka. Nikafungua mdomo nikasema:

"Panya."

"Panya."

"Wamezidi humu ndani. Wanatafuna nyaya."

"Panya anayechomoa soketi, akageuza ufunguo, akairudisha."

"Panya wa siku hizi."

Nilidhani atacheka. Nilimsubiri acheke. Badala yake nikasikia anavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayenyanyua kitu kizito peke yake.

"Sasa kavunja pini ya soketi," akasema. "Na pini siwezi kuiponya kwa kompyuta. Inataka mkono. Mtafute fundi mwingine hapo mtaani." Halafu akasema polepole, "Na huyo panya mwambie hivi. Jumatatu natakiwa kujibu watu. Kama ana neno, alitoe. Mimi kusikiliza anavyopumua nimechoka."

Akatoka. Mshale ukabaki umesimama juu ya zile kilomita.

Nilikaa mbele ya kompyuta ile mpaka ikajizima yenyewe. Fundi mwingine! Nani aje na mikono yake kupekua pikipiki ya mke wangu? Nilikasirika, na nilipotafuta wa kumkasirikia nikajikuta niko peke yangu na ile shuka ya mabaki. Nilimtaka arudi. Nilimtaka pale upande wa pili wa meza na oili yake, anidanganye kwamba pindo limenyooka. Nilimtaka mpaka mbavu zikauma, na mtu mzima mimi nililia nimeegemea tandiko.

Nilipokwisha kulia nikachukua tochi. Pini haikuvunjika, ilikuwa imelala. Kitu kidogo, chembamba, kimejikunja kwenye tundu lake. Ukweli ni kwamba hiyo si kazi ya pikipiki, ni kazi ya mtu aliyetunga uzi kwenye sindano maisha yake yote. Nikachukua sindano nene ya kushonea jinzi, nikaingiza kwenye tundu, nikaiinua ile pini taratibu kama ninavyoinua uzi ulioruka, mpaka ikasimama. Nikarudisha soketi kwa kubana ulimi wake. Ikalia ile sauti yake nzuri ya kukaa. Nikafungua kompyuta, nikapita na mshale palepale ulipokuwa ukipita wake, nikabonyeza pa kufuta. Jina likatoka, halikurudi. Kumbe kufuta nilikuwa najua siku zote.

Jumapili asubuhi nikamwita Breki.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Kushona?"

"Shemeji, usinitanie leo."

Alitazama pikipiki, akanitazama, akavua helmeti yake akanivisha bila neno. Tulisukuma samani, tukaitoa nje. Mtaa mzima ulikuwepo. Wanawake waliacha kufua, wanaume waliokuwa wananyolewa kwa kinyozi walitoka nusu kichwa. Mmoja akapiga kelele, "Leo mzigo umepanda mbele!" Nikamjibu kwamba nguo yake bado iko kwangu na nitaishona mguu mmoja mfupi.

Breki akanieleza klachi, gia, mafuta, na breki, ambayo aliieleza kwa kifupi sana. Mara ya kwanza ilizima. Mara ya pili ilizima. Mara ya tatu iliruka kama mbuzi, nikaiacha ikaenda hatua mbili bila mimi, Breki akaidaka. Goti likachubuka. Nikamwambia tuendelee. Nilikuwa naogopa vilevile kama siku zote, sikupata ushujaa wowote. Isipokuwa Jumatatu niliiogopa zaidi.

Kufikia alasiri niliondoka mwenyewe. Nilikwenda taratibu, watoto wakinipita mbio na kunipungia. Nilipita kwa kinyozi, nikapita mashine ya kusaga, nikafika mpaka lango la shule, huko chini mteremko unakoishia. Upepo uliniingia kifuani. Nikaelewa kwa nini mke wangu huimba akiwa anaendesha. Kisha nikataka kugeuza, ikazima, na mbele yangu kulikuwa na kile kilima chote.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado lipo, shati limelowa. Nikaiingiza sebuleni, nikachomeka waya, nikampigia.

"Kuna shida," nikasema.

"Jumapili?"

"Ingia uangalie."

Alisita. Nikabonyeza ndiyo kabla kile kisanduku hakijamaliza kuuliza. Mshale ukaingia, ukaenda moja kwa moja mahali pa hitilafu. Hapakuwa na kitu. Ukapanda, ukashuka.

"Kipima joto kizima," akasema. "Nani katengeneza pini?"

"Sindano namba kumi na nane."

Nikasikia kama anataka kucheka, akajizuia. "Sioni shida yoyote. Kila kitu kizima. Umeniitia nini?"

"Angalia chini."

Mshale ukashuka. Ukafika kwenye zile kilomita, ukasimama. Haukuzungusha duara. Ulisimama muda mrefu nikadhani mtandao umekatika.

"Mbili," mke wangu akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Zimeongezeka mbili." Halafu yule fundi ndani yake akaamka. "Umeendesha, au mmeisukuma na Breki? Tairi likizunguka na ufunguo umewashwa, inahesabu tu."

Kudanganya ilikuwa rahisi. Mazoea nilikuwa nayo.

"Kwenda nimeendesha," nikasema. "Kurudi nimesukuma."

Akacheka. Akacheka yule mwanamke, akacheka mpaka akakohoa, na katikati ya kicheko nikasikia kimegeuka, hakikuwa kicheko tena. Nikasubiri. Mshale ulikuwa unatikisika juu ya zile tarakimu, kwa hiyo mkono wake ulikuwa bado umeshika.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" akauliza.

"Nilikuwa napima kama naweza kufika kituoni kukupokea."

Huko kwake mlango wa mtu ulifungwa.

"Na panya anasemaje?" akasema.

"Panya hana neno. Mwenye neno ni mimi." Nikasogea karibu na kioo. "Nakutaka nyumbani. Nilikutaka tangu ile jioni unafuta mikono safi. Najua kazi yako ni kubwa, na ukibaki huko sitakukasirikia, nitachomoa soketi mpaka uzeeke. Lakini umeniuliza, nami najibu. Rudi."

Mshale ukaondoka kwenye kilomita, ukapanda juu, pembeni kabisa, kwenye alama ya kufunga. Nikauona ukifika pale. Nikaona ukizunguka duara lake dogo, na mikono yangu ikakamata meza.

Haukubonyeza. Ukashuka tena polepole mpaka kwenye zile kilomita, ukatulia hapo.

"Kesho nikiwajibu, watanipa wiki chache za kukabidhi kazi," mke wangu akasema, na akapenga pua. "Zitumie vizuri, Mzigo. Kwenda umeshajua. Jifunze na kurudi, maana kwenye kurudi tutakuwa wawili."